Leso ya Tangini

Jumanne

Leso imeanikwa kambani! Hata sijavua viatu, nikajua mume wangu Charo ameshanifanyia.

Nililifunika tangi la samaki kwa leso ile, kama mzazi anavyositiriwa, kwa sababu yule samaki wa manjano alikuwa na wanawe mdomoni. Huwabeba humo, hali chochote, na akitishwa huwatema. Mume wangu nilimweleza yote hayo asubuhi. Akaapa. "Haki ya Mungu sitamgusa."

Kumbe kawaleta rafiki zake wa Mishomoroni, akaifunua leso, wakagonga kioo makusudi wamwone akitema. Wakacheka. Samaki wengine wakawala wale watoto wote.

"Ni samaki tu, mke wangu," ananiambia.

Samaki tu! Nimemkuta mama wa watu anazunguka pembeni, anafungua mdomo, anafunga, hana wa kumrudisha ndani.

Mezani Charo akaniuliza mbona sili. Nikasema nimeshiba. Na yeye akaamini, akajiongezea wali.

Leo ndiyo nilikuwa nimepanga kumwambia nina mimba. Habari hiyo bado iko mdomoni mwangu, na siitemi ng'o.