Baba, Siku Ile Hukuwa Jikoni

Baba mpendwa,

Nilianza kukushuku nikiwa msichana wa shule, na sikukuambia kamwe. Ulipokuwa hai niliogopa uso wako ungejibu kabla ya mdomo. Sasa umelala kwenye makaburi ya misheni kule kwetu, mimi niko Johannesburg, na nimesikia jambo ambalo sitaki ulisikie kwa mwingine.

Nianze na jiko lako. Ulipika katika ile nyumba ya kilimani tangu kwetu kulipokuwa wilaya tu ya mpakani, mahali ambapo serikali ilimtuma mtu iliyetaka kumsahau. Kisha redio ikatangaza kwamba tumekuwa jimbo. Watu waliimba barabarani hadi jua likazama. Jimbo lina gavana, na tuliamini gavana akija atakuja na barabara, umeme na hospitali.

Gavana wa kwanza alitoka mji mkuu. Aliwasalimu wazee wetu kwa Kifaransa na hakuwahi kufungua masanduku yake yote. Bunge la jimbo likamwangusha. Wa pili alikuwa mtoto wa nyumbani, na huyo ndiye aliyekuogopa. Alibadilisha walinzi, mapazia, hata mbwa, akakuuliza kama yule wa kwanza alikuacha pale ili ummalize. Ukachukua kijiko ukala kwenye sahani yake, mbele yake. Jioni ulituigizia jinsi ulivyotafuna taratibu huku yeye akikukodolea macho, na Mama akacheka hadi akajifuta machozi. Ulisema, "Mimi sipikii mtu. Napikia kiti. Atakayekikalia, nitamlisha."

Wa pili naye akaondolewa. Wa tatu ndiye uliyempenda. Alikuwa akiingia jikoni kwa mlango wa nyuma, anakaa kwenye benchi lako na kula muhogo wa kuchemsha, anakusimulia habari za mama yake. Jumapili moja akaanguka mezani mbele ya wageni, akafa kabla gari halijafika hospitali. Naibu wake akaapishwa haraka, akawa wa nne. Waziri wa ardhi, ambaye wengi walitegemea ndiye angeshika nafasi ile, akakamatwa kwa kumwekea marehemu sumu. Na shahidi ulikuwa wewe. Ulisimama mahakamani ukasema ulimwona waziri akiingia jikoni na kuinamia sufuria.

Sikuwa mahakamani, lakini Jumapili ile naikumbuka vizuri kuliko siku nyingine zote za utoto wangu. Ilikuwa siku ya kipaimara changu. Uliomba ruhusa, ukawaachia wasaidizi jiko, na kabla misa haijaanza ulikuwa umeketi kanisani na suti yako ya kahawia. Mchana tulichinja mbuzi. Ulinishika mkono tukacheza uani, majirani wakapiga makofi, na tulikuwa bado tunacheza pikipiki ya askari ilipofika na habari.

Kwa hiyo nilijua ulikuwa nyumbani. Nikajiambia labda ulimwona waziri alfajiri, kabla hujaondoka kazini. Kisha wazo baya zaidi likaniingia: labda uliomba ruhusa ili uwe mbali jambo litakapotokea. Nilishuku hata kipaimara changu, Baba. Nilishuku ile ngoma.

Wewe mwenyewe ulinipa sababu. Uliacha kazi kilimani. Uliacha kuimba. Shuleni wasichana walihamisha sahani zao nilipokaa, nami sikuwalaumu. Halafu pasipoti yangu ikaletwa nyumbani na gari la serikali, wakati watoto wa wakubwa walikuwa wakizisubiri zao mpaka wanachoka. Nikakuuliza nani ameitoa.

"Usiulize, mama," ulisema. "Fika kule, soma, usirudi."

Nilifika, nikasoma uuguzi wa majumbani, na sikurudi, hata kukuzika.

Mwaka huu kampuni inayonipangia kazi ilinipeleka Midrand, kwenye moja ya zile nyumba zilizozungushiwa ukuta na nyaya za umeme, ambako unaacha alama za vidole getini utafikiri unaingia gerezani. Mlinzi aliposikia naenda nyumba gani akatikisa kichwa. "Eish, dada, yule mzee hamwamini hata kivuli chake."

Nilimtambua nilipomkuta kitini. Kiharusi kilikuwa kimemvuta mdomo upande mmoja, lakini picha yake ilining'inia darasani kwetu miaka mingi. Ndiye gavana wa nne. Naye aliangushwa baadaye, akakimbilia huku.

Sikumwambia mimi ni nani. Nilimwosha, nikamgeuza, nikampa dawa, huku nikimchunguza. Naye alinichunguza. Mapazia hayakufunguliwa. Chupa ya maji ilipaswa kufunguliwa mbele yake asikie kifuniko kikilia. Simu ikiita, alinitaka nitoke nje, na nikitoka aliniita haraka kuona kama nilikuwa nyuma ya mlango. Na kweli nilikuwa nyuma ya mlango.

Asubuhi moja nilikuwa namkata kucha. Akasema kwa Kiswahili cha kwetu, bila kuniangalia, "Mikono yako ni ya Bahati kabisa."

Niliweka mkasi chini.

"Unamjua baba yangu?"

"Ulifikiri walikuleta hapa hivi hivi? Mimi ndiye niliyekutaja. Niliwaambia nataka huyo, si mwingine."

"Kwa nini mimi?"

"Kwa sababu wewe unajua yote na umenyamaza. Mtu wa namna hiyo naweza kulala akiwa chumbani."

Nikamwambia sijui lolote. Kwa mara ya kwanza nikaona hofu yake haikuwa ya maji wala chakula.

"Bahati hakukuambia?"

"Hakuniambia kitu."

Alitaka kunyamaza, Baba. Nilisogeza kiti changu mbele yake na kumwambia sitainuka. Basi akasema, kwa ule mdomo uliopinda, neno moja moja. Kwamba alihitaji shahidi wa jikoni. Kwamba alikuita, ukakataa. Alikuita tena, akakuambia kama si waziri basi ni mpishi, na binti wa mpishi atakulia wapi? Kisha akaahidi pasipoti. "Nilimpa maneno, akayashika. Saa nane mchana, chakula kikiwa motoni, waziri akaingia. Aliyasema vizuri. Hakukosea hata moja."

"Saa nane mchana baba yangu alikuwa anacheza na mimi uani."

"Najua," akasema. "Na jirani zenu wote walijua."

Nikamuuliza nani basi aliyemuua gavana wa tatu. Akasema hakuna, moyo wake ulikuwa mbovu. Aliposema hivyo aligeuza macho kwenye pazia. Simwamini. Siku nitakayomwamini mtu yule anapokana jambo asilo na faida ya kulikubali, nitakuwa nimezeeka vibaya. Lakini lile la saa nane sikuhitaji kumwamini yeye. Nilikuwepo.

Niliiambia kampuni itafute mtu mwingine, nikaenda nyumbani. Kwa siku kadhaa nilikuchukia. Kisha nikapata nafuu kwamba hukuua, na ile nafuu ikanitia aibu, maana kuna mtu alifungwa. Nilianza kukutetea nikiwa napika. Ungefanya nini? Ningekulia wapi? Nikawa natembea mjini nikibishana nawe, nikivuka roboti, kama wanavyoziita huku taa za barabarani, ikiwa nyekundu, madereva wakinipigia honi.

Mtoto wa yule waziri yuko hapa hapa, Baba. Anaitwa Safari, anafundisha chuo kikuu Braamfontein. Tulikutana kwenye mikutano ya watu wa kwetu. Alikuwa akinisalimu kwa adabu, ananiita dada, na mimi nilikuwa nakaa mbali naye, nikishuku kwamba ananijua na anangoja saa yake. Hakuwa akinijua. Watu wa kwetu hapa wananiita kwa jina la ubatizo tu.

Nilimfuata chuoni. Tulikaa kwenye ngazi nje ya maktaba, wanafunzi wakipita. Nikamwambia mimi ni binti wa nani, kisha nikamwambia yote, kuanzia kipaimara hadi Midrand. Hakunikatiza. Nilipomaliza, aliuliza swali moja tu.

"Nani alikutuma?"

"Hakuna."

"Watu wa gavana wa sasa? Kuna uchaguzi unakuja. Wanataka kumtumia baba yangu tena?"

Nilitaka kukasirika, lakini ningemlaumuje? Niliishi hivyo hivyo maisha yangu yote. Nikamwambia rangi ya suti yako. Nikamtajia jina la padri, na majirani waliokula mbuzi wetu, mmoja mmoja. Wengine ndio waliokuwa majirani wa baba yake pia. Aliinamisha kichwa.

"Baba alitoka gerezani," akasema. "Alirudi palepale nyumbani. Hakuna anayekula naye, dada. Kwenye matanga wanamwekea sahani yake pembeni. Mimi mwenyewe..." Akatazama wanafunzi waliokuwa wakipita. "Mimi mwenyewe nilichelewa kumwamini."

Akatoa simu, akapiga. Sauti iliyopokea ilikuwa ya mzee, nyuma yake kuna kelele za watu. Alikuwa kwenye msiba, mtaa wetu, Baba, karibu kabisa na ua wetu. Safari akamwambia kuna mtu anataka kusema naye, akanipa simu. Nikasema. Nilirudia maneno, lakini nilisema: baba yangu hakukuona, hakuwa jikoni, alisema uongo kwa sababu yangu.

Mzee hakulia wala hakunitukana. Kisha akasema, "Ngoja, mama. Naweka sauti kubwa. Rudia polepole. Wako hapa wote."

Nikarudia. Nilitaja siku, nikataja saa, nikakutaja wewe kwa jina lako kamili. Kelele zilipungua hadi nikasikia jogoo. Nisamehe, Baba, au usinisamehe. Nilikupenda nikikushuku, na nakupenda sasa ninapojua. Nilipomaliza, mwanamke mmoja akauliza kutoka mbali, kwa ukali, "Ni nani huyo anayesema?"

Kabla sijajibu, nikamsikia mwingine akimjibu, mzee wa mtaa wetu, sauti niliyoijua tangu utoto: "Ni yule mtoto wa kipaimara. Anasema kweli. Mimi nilikula pale."

Pumzika, Baba.

Mimi, binti yako