Ringi za Tabora

Makanyagio, Mpanda
16 Juni 1996

Mpendwa dada Helena,

Pokea salamu zangu, na mama mfikishie zake kabla hujaendelea kusoma. Goti lake linaendeleaje? Sisi wa huku tu wazima wa mwili. Moyo usiuulize, nitausema mwenyewe.

Uliniuliza kama nakuja Kasansa au nabaki na shemeji yako Kasimiri. Nilikujibu kwamba nasubiri nipate hakika, maana wivu wangu unaujua, huona moshi hata pasipo na jiko.

Yule bibie Nyanzala, mnunuzi wa mpunga anayepita huko kwenu, aliacha pikapu yake hapa kwenye gereji ya Kasimiri tangu mwezi uliopita. Injini ilikuwa imepungua kompresheni, ile nguvu ya kugandamiza hewa, hata kilima cha kuelekea Magamba haipandi. Gari linaumwa, sawa. Lakini ni mgonjwa gani huyo wa kutazamwa kila siku, na mtazamaji kajipaka manukato hadi kuku wangu wanapiga chafya?

Kilichoniuma zaidi ni kile kiti. Unakumbuka tulivyochumbiana: Kasimiri anafungua plagi, anaziba tundu kwa dole gumba, nami niko kwenye usukani napiga stata. Upepo ukimsukuma kidole kwa nguvu, silinda ni nzima. Sasa anayekaa pale ni Nyanzala, anapiga stata huku anacheka, utadhani inamtekenya. Mimi nikisogea naambiwa nikaangalie maharage.

Kasimiri alisema ringi za pistoni zimelika, na mpya Mpanda nzima hazipatikani. Akapanda treni kwenda kuzitafuta Tabora.

Alipoondoka nilimwita jirani yangu Recho apige stata. Safari hii dole gumba likawa langu. Silinda tatu zilinisukuma vizuri, moja ikanipulizia kama mtoto anayepoza uji. Nikamimina humo mafuta kidogo ya injini, kama Kasimiri mwenyewe alivyonifundisha: nguvu ikirudi, ringi ndizo mbovu, isiporudi, tazama valvu. Haikurudi. Nikarudia, wapi! Dada, mtu aliyenifundisha kipimo hicho hawezi kukisahau. Valvu husagwa zikarudishwa siku hiyo hiyo. Ringi ndizo zinazosubiriwa mwezi mzima, na mwenye gari akija kila siku hakuna wa kumshangaa.

Nililia, kisha nikashika spana. Nilishusha silinda hedi, kile kifuniko cha juu cha injini, nikakuta valvu moja imeliwa ukingo. Nikaisaga taratibu mpaka ikakaa sawasawa mahali pake. Gasketi mpya ilikuwa kabatini. Injini iliwaka mara moja. Nikamtumia Nyanzala habari kwamba gari lake limepona, halihitaji tena kutazamwa. Akaja akalichukua, na hakucheka.

Jana Kasimiri alirudi na ringi zake mkononi, akakuta uwanja mtupu. Nilimwambia nimetengeneza mimi. Nilitamani anigombeze, aseme hata kwamba nimeharibu kazi yake. Nilikuwa nimeshajiandaa kumsamehe, Mungu ananiona. Hakuuliza ugonjwa ulikuwa nini. Aliuliza kama Nyanzala ameacha ujumbe wowote.

Basi hakika nimeipata. Bado nampenda, ila hilo usimwambie mama. Mwambie tu nakuja Jumanne, anipangie kile chumba cha nyuma. Na nyie wa Kasansa mkiwa na gari lililochoka, lisubiri. Spana nakuja nazo.

Wabusu watoto kwa niaba yangu. Ni mimi mdogo wako akupendaye,

Hilaria