Picha ya Mikono Yako

Mama yangu,

Dua nakuombea kila siku, lakini haya sikuweza kuyasema pale kaburini na watu wamesimama. Nayaandika.

Huu ni mwezi wa saba tangu ile homa ikuchukue. Bado sijalia. Nakula, naoga, navuka na feri kwenda kazini hospitali, narudi nyumbani Shika Adabu. Siku hizi watu mazungumzo yao ni uhuru tu, nami naitikia. Shangazi Mwanasha ndiye anayepika.

Wakumbuka siku niliyokupeleka kupigwa eksirei? Vidole vimekuvimba, asubuhi huwezi kufunga kanga, na Shangazi anasema, "Wifi yangu anajitia ugonjwa, anakwepa kukuna nazi." Nilikulaza mikono juu ya bamba la picha mwenyewe, nikakwambia utulie. Ukacheka. "Leo wewe waniambia nitulie? Wewe uliyekuwa hukai hata kukatwa kucha!"

Daktari wa eksirei wa wakati ule alikuwa na jedwali lake. Kazi yangu ilikuwa kupima kwa rula nafasi iliyopo baina ya mfupa na mfupa, kuandika vipimo, kisha kuvitafuta kwenye jedwali. Jibu lilikuwa limekwisha andikwa mle. Yeye alitia sahihi tu. Vipimo vyako, jedwali likasema ni uzee. Mama, hata miaka hamsini hukuwa nayo.

Na mimi niliona. Kwenye kioo cha taa, tunapotazamia picha, niliona vijishimo pembeni mwa mifupa ya vidole vyako, kama palipotafunwa na panya. Jedwali halikuwa na mahali pa kuandika vijishimo. Daktari akauliza, "Kuna jingine?" Nikasema, "Hakuna, bwana." Mtu wa kuosha picha katika chumba cha giza, nani angemsikiza? Ndivyo nilivyojiambia.

Nikaja nikakwambia ni uzee. Ukasema, "Basi, mwanangu, nisisumbue watu." Ukarudi kukuna nazi. Miaka miwili, Mama.

Juma lililopita daktari mpya alitaka picha za zamani, apate kulijaribu lile jedwali. Akatoa yako. Hakuangalia vipimo, aliitazama picha. "Huu si uzee," akasema. "Hii ni baridi yabisi, inakula viungo. Alihitaji dawa na kupumzisha mikono. Yuko wapi?"

Nikamjibu, "Amefariki." Sikumwambia ni mama yangu. Nikairudisha picha ndani ya bahasha, nikaendelea na kazi.

Nyumbani nilimweleza Shangazi yote, na kwamba niliona nikanyamaza. Akaweka sufuria chini, akatoka. Nilimkuta amekaa kitandani kwako. "Nilimwita mvivu," akasema.  

Jana alikuja mama mmoja wa Mishomoroni. Nikapima, nikatafuta: uzee. Lakini pembeni mwa mifupa vilikuwapo vijishimo vilevile. Nikaichukua picha yenyewe, nikaenda nayo mpaka mezani kwa yule daktari mpya. "Daktari, tafadhali, tazama hapa pembeni." Akatazama kwa muda mrefu, kisha akamwandikia dawa. Yule mama aliniombea kheri nyingi. Nilisimama pale nikimsikiliza, wallahi sikuhisi kitu.

Sijui kama umeniwia radhi. Sitakuomba leo. Ila nakuahidi, mgonjwa yeyote atakayepita mkononi mwangu, nitakaloliona nitalisema, hata wakinifukuza.

Pumzika, Mama. Mungu akulaze pema.

Mwanao,
Athumani