Fito Mbili za Mkoma

Nakiru, mwanangu,

Ejok, nakusalimu. Ni mama yako. Kalamu sijui, kwa hivyo binti yako Akai ndiye anaandika. Nimemwambia aandike vile nasema, na asilie juu ya karatasi.

Tangu tukuzike kule Lopur, nyumba hii ya Lodwar ina baridi, na nje jua linachoma mpaka mbwa anarukaruka. Kaka yako Ekal ameninunulia kiti cha plastiki. Anataka nikae hapo kama gunia. Anasema kwa presha yangu na haya magoti sitafika tena kaburini kwako, maana gari linaishia barabarani na mbele ni mchanga wa laga tu, ule mto mkavu. Nikamwambia kiti akalie yeye.

Lakini niliogopa. Mama asipokutilia tumbaku kaburini, kama desturi yetu, nani atatia?

Basi nikazitoa zile fito mbili za mkoma ulizonichongea. Unakumbuka tulivyokucheka, sisi wazee, ulipotufundisha kutembea nazo pale kliniki ya Kakuma? Kwetu fimbo ni ya mwanamume, tena moja. Mwanamke na mbili? Jirani yako mama Lokwang akaniuliza mbuzi wangu wako wapi. Nami nilikuwa nimeziegemea kama kibanda kibovu, mpaka ukanishika mabega. "Mama, usiegemee. Sukuma ardhi iende nyuma." Mkono wa kulia na mguu wa kushoto, halafu ubadilishe.

Nikawa natoka asubuhi, jua likiwa bado na adabu, kando ya mto Turkwel. Magoti yamepunguza kelele, maana mikono nayo inabeba mzigo wake. Mgongo umenyooka. Pumzi imerudi. Daktari alipima presha, akapima tena, akasema niendelee na dawa zake na fito zangu. Hata usingizi ninao. Nalala vizuri, mwanangu, halafu naamka na wewe hupo. Hilo fito hazitibu.

Na nina hasira. Ulisikiliza mioyo ya watu wote pale kliniki. Wako ukasimama bila kukuambia kitu.

Juzi nilifika kwako. Ekal alinifuata kwenye laga lote na kile kiti kichwani, akingoja nianguke. Sikuanguka. Tulipofika alikikalia yeye, anahema. Mimi nikasimama. Nikatia tumbaku juu ya mawe yako, nikakutukana kidogo kwa kunitangulia.

Nilitaka kukuachia fito moja. Nikakusikia ukinigombeza kwamba moja haisaidii kitu. Nimerudi nazo zote mbili.

Lala, Nakiru. Kuwe ukame, kuwe mvua, tumbaku nitakuletea kwa miguu yangu hii. Siku utakayoniona nimebebwa, ujue nimekuja kukaa.

Mama yako.