Pembe ya Kibanja Aliyoiacha Yakobo

Jumamosi, Muleba

Nyota tatu zimeonekana, Sabato imekwisha, naweza kushika kalamu.

Mchana Projestus, mdogo wa marehemu mume wangu Yakobo, alimkuta mama mmoja mkimbizi akikata mkungu kwenye pembe ya kibanja, shamba letu la migomba.

"Shemeji, unagawa ndizi za ukoo?"

"Pembe hiyo ni ya maskini na wageni. Torati yetu inasema hivyo. Yakobo aliiacha tangu tuoane."

Akacheka. "Uyahudi wenu uliishia na Yakobo. Kesho ukoo unakaa kuamua kibanja ni cha nani, na wewe huna mtoto. Mpaka hapo usiguse mkungu wowote. Ukishikwa na njaa, pembe si hiyo hapo? Kakate kama wageni wako."

Yule mama aliondoka bila ndizi, na mimi sikumtetea. Niliogopa.

Mwenyekiti wa kijiji alisema sheria inanilinda. Lakini kesho hatakuwepo, na kaburi la Yakobo liko humu humu kibanjani. Wakinifukuza, nani atakuja kuliwekea jiwe la kumbukumbu, kama ilivyo desturi yetu?

Zamani nilimnung'unikia kwa kuacha chakula chote kile. Yeye alifunga mikungu ya pembeni kwa majani makavu ya mgomba kama alama, ili maskini wachukue bila kuomba.

Jikoni hamna kitu. Nilipoona nyota nilienda na kisu hadi kwenye ule mkungu aliouacha yule mama, nikasimama mbele yake, nikarudi bila kuukata. Nikiukata leo kama maskini au mgeni, nitakuwa nimekubali kwamba kibanja kimeshakuwa cha Projestus.