Njiwa Juu ya Bati Letu

Kambi ya Mkonge, Murera
Posta ya Ruiru
Jumapili, tumetoka kanisani

Dada yangu Mama Yakobo,

Mulembe. Wewe nakusalimu kabla ya wote, maana ndiwe uliyenibeba mgongoni mama akiwa shambani, na hata leo nikishika kalamu kukuandikia najiona mdogo. Mama anaendeleaje na goti? Yule ng'ombe mwekundu amezaa? Mvua ya huko imeanza, au mnaangalia mawingu tu? Sisi ni wazima kabisa. Baba Dorika anakohoa kidogo kwa vumbi la katani, lakini akinywa kitu cha moto anatulia. Mimi nimenenepa. Usicheke. Gauni la maua ulilonishonea halifungi tena mgongoni.

Dorika alitaka aniandikie barua hii, na mwandiko wake unaujua, watu huuangalia kama picha. Nimemkatalia. Nilifika darasa la tatu, na darasa la tatu la siku zile halikuwa mchezo. Tena jambo lenyewe nataka kulisema mwenyewe, kwa sababu kuna mahali nimeonekana mjinga, na sitaki uisikie hadithi hiyo kwa mtoto wangu. Anajua kuitia chumvi.

Unajua Baba Dorika walimfanya nyapara wa chumba cha brashi, pale katani inaposuguliwa mpaka inang'aa kama nywele za Mzungu. Nyapara hakai kwenye laini, zile safu za chumba kimoja kimoja, kama vibarua. Tumepewa nyumba ya mawe, vyumba viwili na jiko pembeni, paa la bati, na nyuma yake tangi la mawe. Tangi, dada! Mvua inanyesha juu ya bati, maji yanateremka yenyewe mpaka ndani ya tangi, na mimi nafungua bomba tu. Kambi nzima ina nyumba nne za namna hiyo. Wanawake wengine wanapanda kutoka mtoni na debe kichwani. Mimi nasimama mlangoni nawaambia poleni.

Sasa sikiliza. Mwezi wa kwanza tulikaa raha. Mwezi wa pili wakaja njiwa.

Si wale hua wadogo wa kwetu wenye adabu. Hawa ni wakubwa, wana madoa meupe kwenye mabawa, na macho yao yamezungukwa na wekundu kama ya mtu aliyekesha matangani. Kwanza walikuwa wawili. Kisha sita. Kisha nikaacha kuhesabu. Alfajiri wanatembea juu ya bati, kwa, kwa, kwa, kama watu waliovaa viatu vya misumari, na wakimaliza kutembea wanaanza kunguruma. Ukuta wangu niliokuwa nimeupaka chokaa ukawa na mistari. Jumapili moja mzee wa kanisa alisimama mlangoni petu akituombea. Yeye amefumba macho yote, mimi nimefumba moja, nikaona kitu cheupe kinamwangukia begani. Nilisema Amina kabla hajamaliza.

Nilimshuku jirani. Anaitwa Mama Zipora, mumewe ni dereva wa trekta, ni watu wa upande wa Yatta. Ana kuku wengi na anawamwagia mtama asubuhi. Basi nikamwambia mbele ya watu, "Mama Zipora, punguza mtama. Ndege wanakula kwako, wanakuja kunya kwangu."

Akaniangalia kutoka kichwani mpaka miguuni. "Kuku wangu hawaachi hata punje moja. Wewe umepewa nyumba, umepewa tangi, sasa unataka upewe na mtu wa kulaumu?"

Watu wakacheka. Nikaacha kumsalimu.

Hapo ndipo alipokuja Bwana Afya, yule anayetoka Thika kukagua nyumba na vyoo vya kambi. Ni Mwafrika kama sisi, mpole, lakini kalamu yake haina upole. Alipanda juu ya jiwe, akafunua kifuniko cha tangi, akaingiza pua.

"Mama, maji haya mnapikia chai?"

"Ndiyo, Bwana."

"Basi chai yenu imekwisha kutiwa maziwa na ndege."

Alisema tusinywe tena maji yale. Akasema atarudi baada ya majuma matatu, na akikuta ndege wanalala juu ya paa na tangi ni chafu, ataandika kwa meneja kwamba sisi hatuwezi kutunza nyumba, na nyumba itapewa wengine. Na kila mtu kambini alijua wengine ni akina nani. Aliyekuwa anafuata kwenye orodha ya nyumba za tangi ni mume wa Mama Zipora.

Dada, siku hiyo ugali ulinishinda. Nilijiona nimerudi kwenye chumba kimoja cha laini, napanda kutoka mtoni na debe, na wale wote niliowaambia pole wamesimama milangoni wananingoja.

Nikaenda Ruiru dukani, nikarudi na dawa ya panya. Nilikuwa naichanganya na mahindi kwenye sufuria kuukuu, Dorika akaingia kutoka shule. Nimekuambia sasa anafundisha watoto wadogo wa kambi? Wanamwita Mwalimu, hata wazee wanamwita Mwalimu. Basi Mwalimu akasimama juu yangu.

"Mama, hiyo ni ya nini?"

"Ya wageni wetu wa juu."

"Wakifia kwenye bati, mvua itawapeleka wapi?"

Nikaacha kukoroga, maana bati lote linateremkia tangini.

"Na kuku wa Mama Zipora wakiokota?"

Hapo nilijibu. Nilisema waokote. Ndiyo, nilisema hivyo, hasira ilikuwa imenijaa mpaka hapa. Baba Dorika alikuwa amekaa anavua viatu. Akainuka na kiatu kimoja, akachukua sufuria, akaenda nyuma ya choo akachimba shimo refu, akazika vyote, na sufuria yangu pia. Aliporudi akasema, "Njiwa hajui kwamba hii ni nyumba ya nyapara. Ameona mahali pazuri akakaa. Sisi tulikuja huku kwa nini?" Unamjua shemeji yako, akisema maneno matatu amechoka. Siku hiyo alisema hayo yote. Nikaona aibu.

Jumamosi Dorika akatoa kigoda nje tangu asubuhi, akakaa anaangalia paa. Nilidhani anaota jua. Mimi nikaendelea na kazi zangu, nikatoa wimbi nilianike.

Lile wimbi mnalonitumia, dada. Kwetu tunaanika wapi? Juu ya mwamba. Mwamba uko nyuma ya nyumba, unapata moto, wimbi linakauka safi bila mchanga. Huku hakuna mwamba hata wa kukalia. Ni mavumbi mekundu na mbuzi. Basi tangu tulipohamia nilikuwa nimepata akili, na akili hiyo niliisifu kwa kila mtu: paa la jiko letu liko chini, ukipanda kigoda unalifikia, na bati likichomwa na jua ni kama mwamba wetu kabisa. Natandika gunia, namwaga wimbi, nageuza kwa mkono. Wanawake wa huku walikuwa wananishangaa. Nilikuwa nawaambia, mtu wa Maragoli hakosi mwamba.

Siku hiyo nikapanda, nikamwaga, nikashuka. Sijaosha hata mikono, nikasikia mabawa. Walishuka kutoka juu ya nyumba wote pamoja, kama watoto waliosikia kengele ya uji. Mmoja alikaa katikati ya gunia akaanza na pale palipojaa.

Dorika akaniangalia. "Mama," akasema polepole, kama anavyowaambia wale watoto wake, "nani anawalisha?"

Dada, nilikaa chini. Miezi yote ile nilikuwa naona wimbi linapungua, nikasema ni kukauka! Baba Dorika alicheka mpaka kikohozi kikamshika, na mimi nikampiga mgongoni kwa nguvu kuliko ilivyohitajiwa.

Kazi ikaanza. Kupanda juu ya nyumba kunataka ngazi, na ngazi ni moja tu upande wetu, ya mume wa Mama Zipora. Nilizunguka uwanja wake mara mbili kabla ya kubisha.

"Leo umekuja kuhesabu mtama wangu?" akaniuliza.

"Nimekuja kuomba ngazi. Na nimekuja kusema kwamba ndege walikuwa wangu. Nilikuwa nawapa wimbi."

"Sema tena, mume wangu hajasikia."

Nikasema tena. Mumewe akasikia, na nyumba ya tatu wakasikia. Mama Zipora akacheka akishika mbavu, kisha akashika ngazi upande mmoja, akasema, "Shika huko. Mimi siibebi peke yangu."

Baba Dorika alisokota kamba nyembamba za katani, kwa mkono wake, na katani hakuna anayeijua kambini kumshinda. Akapigilia misumari mirefu kwenye ncha za mgongo wa paa, akavuta kamba mbili, moja juu ya nyingine, zimekazwa lakini zinachezacheza kidogo. Njiwa akija kutua, kamba inamgusa tumboni na miguu haipati pa kushika. Haimuumizi, inamkataa tu. Chini ya paa, kwenye zile boriti walizokuwa wanalalia, akapigilia mbao zilizolala mshazari, wakikaa wanateleza. Mimi nikaleta shauri la kuning'iniza vifuniko vya makopo ving'ae juani. Siku mbili waliviogopa. Siku ya tatu mmoja alikuwa anajitazama. Na wimbi sasa naanika chini juu ya mkeka, nimekaa kando na fimbo. Msiache kunitumia.

Dorika aliingia ndani ya tangi kwa miguu na mikono, Mwalimu mzima, akalisugua kwa mchanga na majivu mpaka likanuka jiwe. Na mimi nikashuka mtoni na debe. Ndiyo. Kila siku, mpaka mvua ilipofika. Waliniambia pole, wote.

Likabaki jambo moja. Kwenye pembe ya paa kulikuwa na tundu, na Baba Dorika alipotaka kuliziba kwa waya alikuta humo makinda wawili. Wabaya, dada! Manyoya nusu, midomo mikubwa kuliko vichwa. Siku za Bwana Afya zilikuwa zimebaki tisa. Nikasema tuwatoe. Baba Dorika akasema tukiwatoa watakufa, na tukiziba watakufa vibaya zaidi. Tungoje waruke. Nikasema, "Na wasiporuka?" Akasema, "Watu hawakui upesi kwa sababu sisi tuna haraka." Anawaita watu!

Basi kila asubuhi nilikuwa naangalia pembe ile kama mtu anayengoja barua. Mama yao akija kuwalisha nilimpisha. Nilikuwa nawaambia, kuleni, kuleni mwende. Mmoja aliruka siku moja kabla ya ukaguzi. Wa pili alitoa kichwa, akaona dunia, akarudi ndani.

Bwana Afya akaja na daftari lake. Watu walikusanyika. Akafunua tangi, akaingiza pua, akakaa nayo humo muda mrefu. Akazunguka nyumba, akaangalia ukuta, akaangalia juu. Kwenye pembe, yule kinda naye akatoa kichwa kumwangalia.

"Na huyu?"

Bwana Afya akageuka kwa Mama Zipora, aliyekuwa amesimama karibu. "Wewe jirani ndiye unayeona kila siku. Ndege bado wanalala hapa?"

Dada, mwanamke yule alijua, na mimi nilijua, na mumewe alijua. Neno moja tu, na wangehamia juma lile. Hata kuongopa hakukuwa na haja, kwa sababu kinda alikuwa pale anatuangalia.

Mama Zipora akakunja mikono. "Walikuwa wanalala," akasema. "Tangu huyu mama aache kuwapikia, wamehama. Huyo mmoja anangoja mabawa, akipata anakwenda."

"Kuwapikia?" Bwana Afya akauliza.

Nikalazimika kueleza habari ya wimbi mbele ya kambi nzima. Alicheka mpaka akavua kofia. Kisha akapanda ngazi mwenyewe, akagusa kamba kwa kidole, akauliza ni nani aliyefunga. Baba Dorika akasema ni yeye. Na unajua Bwana Afya alisema nini? Alimwomba siku ya mapumziko aende Thika, amfungie nyumbani kwake, maana naye analala na njiwa juu ya kichwa! Aliandika kwamba nyumba iko katika hali nzuri. Nilimwomba Dorika asome mara mbili.

Yule kinda aliondoka Jumamosi. Alianguka nusu ya njia, nikapiga kelele, kisha akajishika hewani akaenda upande wa mkonge. Jioni ile ile tundu likazibwa.

Mvua ilifika juzi. Ya kwanza tuliiacha imwagike nje, ioshe bati. Ya pili tumeikinga. Debe la kwanza nilijaza mwenyewe, nikalibeba kichwani mpaka kwa Mama Zipora. Akachota kwa kikombe, akanusa kwanza, yule mwanamke, akanusa mbele yangu! Ndipo akanywa. Nimemwambia asishuke mtoni tena, bomba langu liko wazi kwake mpaka siku watakayopewa lao.

Nisalimie mama, umwambie mjukuu wake ni Mwalimu. Msalimie shemeji yangu, mumeo, na shangazi yetu anayeongoza nyimbo kanisani, na wifi yetu, mke wa ndugu yetu, aliyesema sitaweza maisha ya Thika na Ruiru. Huyo msomee sehemu ya nyumba polepole. Sehemu ya wimbi unaweza kuiruka.

Mungu awatunze nyote mpaka tuonane uso kwa uso.

Ni mimi mdogo wako anayekupenda,
Mama Dorika,
wa nyumba ya tangi