Chinsaga ya Mama Mdogo Haina Hatia

Mpendwa Mama,

Bwakire buya. Goti linaendeleaje? Najua utajibu kwamba ni zima, huku ukishikilia migomba ukiteremka shambani.

Nyakundi, ndugu yangu, msomee Mama polepole na usiruke mahali. Pale Kiswahili changu kitakapomshinda, mtafsirie, ila usiongeze chumvi yako.

Mama, huku Ujerumani baridi imeanza kupungua. Wazee ninaowatunza hawajambo, na wale wakali bado ni wakali. Mgonjwa ni mimi. Kope la jicho la kushoto bado linaanguka, na ikifika jioni hata kutafuna mkate ni kazi.

Unakumbuka lilianza nilipokuja likizo, siku moja baada ya kula kwa Mama Mdogo Bosibori, mke mwenzako. Alinipikia chinsaga, ile mboga yetu chungu, akaitia maziwa, akasonga na ugali wa wimbi. Nilikula mpaka nikafungua kifungo cha sketi. Asubuhi jicho likakataa kufunguka, nawe ukasema, "Nilikuambia usile huko." Nyakundi ananiambia umeziba kwa miiba kile kijia cha kwenda kwake, na siku ya Sabato akikaa karibu nawe kanisani unahama benchi.

Sasa nisikilize. Madaktari wamenipiga picha ya kifua. Nyuma ya mfupa wa kifua kuna tezi ambayo kila mtu huzaliwa nayo. Yangu imeota uvimbe, na uvimbe huo umevuruga kinga ya mwili mpaka inashambulia misuli yangu mwenyewe. Ndiyo sababu kope linaanguka. Nilimuuliza daktari, mama mmoja mpole asiye na haraka, kama chakula kinaweza kuleta jambo hilo. Hakucheka. Alisema uvimbe kama ule ulikuwepo muda mrefu kabla sijapanda ndege kuja nyumbani.

Kisha akaniomba damu kidogo ya utafiti. Uvimbe, alisema, haukui bila mishipa ya damu ya kuulisha. Mwili una maagizo ya kuotesha mishipa hiyo, tunayoyarithi kwa baba na mama, nayo hutofautiana kidogo mtu kwa mtu, kama mahindi ya debe moja yanavyoota bila kulingana. Wanatafuta kujua kama tofauti hizo zinahusika na uvimbe wa tezi hii. "Bado hatujui," akasema. Nilimpenda kwa neno hilo, Mama. Mtu aliyesoma mpaka akaota mvi anasema hajui, na sisi tulishajua kabla sahani hazijaoshwa.

Nilikubali wachukue. Nikawaza, kama ni lazima atafutwe mkosaji katika damu yangu, tutaanzia kwako na kwa marehemu Baba, na sidhani utajiwekea miiba mlangoni. Nisamehe mzaha huo. Naogopa, na nikiogopa natania.

Wiki ijayo watanipasua kifua waitoe tezi. Daktari ana matumaini, lakini hakuniapia. Siwezi kulala juu ya meza yao nikijua kwamba nisipoamka, Mama Mdogo ataitwa muuaji maisha yake yote. Huyo ndiye aliyenibeba mgongoni ulipokuwa ukichuma majani chai. Nakuomba, ondoa miiba, uende kwake, ule chinsaga. Najua unaogopa. Nenda hivyo hivyo na hofu yako. Ukirudi, Nyakundi anipigie simu aseme tu, "Mama amekula."

Nisalimie shangazi yetu muuza ndizi kule Keroka. Msalimie pia mchungaji, umwambie auombee mkono wa daktari, asiombe dhidi ya mtu yeyote. Salamu za Mama Mdogo usimtume Nyakundi. Mpelekee wewe mwenyewe.

Ni mimi binti yako Kemunto, niliyekula kwake nikashiba.